Filamu yetu imechaguliwa ZIFF, pesa ya matangazo ni milioni moja na laki mbili. Tuanzie wapi?

mtayarishaji_tanga

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu na matamasha.

Tuna filamu ndefu ya dakika 78, Kiswahili na Kidigo kidogo, imetengenezwa Tanga bila kampuni yoyote nyuma yake. Imechaguliwa kuonyeshwa Tamasha la Filamu la Zanzibar (ZIFF). Tumepangiwa Ngome Kongwe, uwanja wa wazi pale Mji Mkongwe, siku ya kazi, saa moja na nusu usiku. Zimebaki wiki sita. Nauli na malazi tumeshatenga; ya matangazo ni sh. 1,200,000 na hakuna zaidi. Tutakuwa wawili tu, mwongozaji na mimi.

1. Mchapishaji anatushauri mabango 200 ya A2. Yana faida?
2. Tulipie Instagram?
3. Wateuzi wa matamasha mengine na wanunuzi tunawapataje waje kuangalia, maana jioni hiyohiyo kuna mambo mengine?
4. Tuna faili za MP4 na ProRes. DCP, lile la seva za sinema, hatuna. Inatosha?

Nawasilisha.

---

bi_shangani

Mabango 200 ya A2 mtarudi nayo Tanga 180.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Gundi na selotepu pana zikibanduliwa hubandua na chokaa, na mwenye nyumba akiona hivyo tu lako linachanwa na la jirani yako pia. Kabla ya kubandika kitu chochote nje kaulizeni Manispaa, na kwa ndani ya Mji Mkongwe kaulizeni na Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ndani ya duka, mkahawa au nyumba ya wageni ruhusa ni ya mwenyewe, mnaomba kwa mdomo mnabandika palepale. Sehemu za namna hiyo mtapata ishirini, ishirini na tano. Kwa hiyo A3 thelathini zinatosha, tano zikiwa za akiba maana mvua na watoto wapo.

Pesa ya karatasi iwekeni kwenye kadi za A6, mia tano, karatasi nzito. Mbele picha moja na jina la filamu. Nyuma siku, tarehe, saa, mahali, lugha, dakika, na sentensi mbili za kisa. Acheni nafasi nyeupe nyuma ya kadi, mtaandika namba ya simu kwa mkono mkikutana na mtu wa maana.

Saa ndiyo inayoharibu kadi nyingi. Mkiandika "7:30" Mzanzibari anasoma saa saba na nusu. Mkiandika "1:30 usiku" mgeni wa Ulaya anadhani ni baada ya usiku wa manane. Andikeni vyote: "Jumatano, saa moja na nusu usiku, 19:30". Na siku ya wiki iandikwe kwa herufi, watu hawakumbuki tarehe.

Sasa hiyo saa yenyewe. Mwezi wa sita na wa saba magharibi huku inaingia saa kumi na mbili na robo, na kidogo. Isha inaadhiniwa karibu na saa moja na nusu. Yaani filamu yenu inaanza watu wakiwa wanatia udhu. Wenyeji watafika saa mbili kasorobo na kuendelea, na watakuta dakika ya ishirini. Andikieni ofisi ya ratiba leo, si wiki ijayo, muombe saa mbili, au muombe filamu fupi iwekwe mbele yenu. Filamu fupi ya dakika 20 inawaokoa kabisa. Ratiba ikishachapwa hawatagusa tena.

Wapi pa kugawa: watazamaji wenyeji wengi wanakaa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Nendeni Michenzani, Kikwajuni, Jang'ombe, Mwanakwerekwe. Stendi ya daladala asubuhi haina maana, kila mtu anakimbia. Jioni watu wanasubiri daladala, wanasoma. Chuo kikuu, SUZA, nendeni siku tatu kabla, si wiki mbili kabla.

Siku yenyewe kadi mia moja na hamsini zibakie. Forodhani ipo mbele ya Ngome. Baada ya magharibi bustani inajaa, watu wanakula mishikaki na urojo, wengi hawajui watafanya nini baada ya kula. Ukimpa mtu kadi saa moja, anamaliza sahani yake anavuka barabara. Hakuna tangazo lolote la wiki nzima litakaloshinda hiyo nusu saa, lakini msigawe kama vipeperushi vya bima. Simama, salimia vizuri, sema filamu inahusu nini kwa sentensi moja, halafu ndiyo utoe kadi.

Jaws Corner, pale barazani kwa kahawa Mji Mkongwe, hali kadhalika. Pale ukipita ukigawa karatasi utaonekana mpita njia. Kaa barazani, agiza kahawa, subiri uulizwe umetoka wapi. Ukishajibu "Tanga, tumeleta filamu", kazi imekwisha, wengine wataitangaza wao.

Wanawake hawako Jaws Corner. Wako saluni, kwa mafundi cherehani, na shughulini. Bi mkubwa atawauliza kama filamu ni ya kuangalia na watoto. Jibuni kweli. Mkisema ni safi na kumbe kuna tukio la chumbani dakika ya 40, safu nzima itanyanyuka na watoto wao, na kesho yake habari zimefika hadi Bububu.

Redio: msinunue tangazo, ombeni mahojiano. ZBC, Zenji FM, na nyingine za hapa huwa zinataka wageni wa tamasha wiki ile. Nendeni na kipande cha sauti cha sekunde 40 kwenye fleshi, MP3, chenye mazungumzo yanayoeleweka bila picha. Muziki mtupu hauwasaidii.

---

fundi_projekta

Nianze na swali la nne. Hilo lingine lote ni bure kama picha itakuwa nyeusi na sauti haisikiki.

Kwanza barua pepe kwa watu wa ufundi wa tamasha, maswali manne: filamu inachezwa kutoka seva ya DCP au laptopu? Fremu ngapi kwa sekunde? Sauti chaneli ngapi zinafika kwenye spika? Lini naweza kupewa dakika kumi za majaribio? Msikubali jibu la "leteni chochote". Chochote ndicho kinachokwama.

DCP mnaweza kutengeneza wenyewe kwa DCP-o-matic, programu ya bure. Picha yenu ya 1920×1080 iwekeni ndani ya 1998×1080, mtabakiwa na ukanda mweusi wa pikseli 39 kila upande na hakuna atakayeuona. Msiivute ijae, nyuso zinanenepa. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, dakika 78 zinakuja kama GB 58. Msiweke siri, yaani ile inayohitaji ufunguo. Ufunguo ukikosewa saa au namba ya mashine filamu haifunguki na hakuna fundi atakayewasaidia saa moja usiku.

ProRes 422 HQ ya fremu 25 ni kama GB 108. Hiyo ndiyo ya pili. MP4 ndiyo ya tatu, ya dharura. Diski ya ProRes na MP4 ifomatiwe exFAT. FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4, na fleshi nyingi za dukani zinakuja hivyo. Diski ya DCP seva nyingi zinasoma ext2 au ext3. Kama inakwenda kwa laptopu waulizeni. Nakala mbili, mabegi mawili, watu wawili tofauti kwenye boti. Majina ya faili yasiwe na nafasi wala alama: JINA_78dk_25f_stereo_manukuuEN.

Sauti. Hapa ndipo maonyesho ya uwanja wa wazi yanapokufa, na sababu ni moja karibu kila mara. Miksi ya 5.1, yaani ya chaneli sita, mazungumzo yanakaa chaneli ya katikati. Ikichezwa kwa laptopu, waya mmoja kwenda mikisa ya kushoto na kulia, kama programu haijaunganisha chaneli, ya katikati inaanguka. Unasikia muziki, unasikia ndege na bahari, watu wanafungua midomo tu. Mtazamaji atadhani mmerekodi vibaya. Tengenezeni miksi ya stereo kwa makusudi, faili lake lenyewe, mazungumzo yamepandishwa desibeli mbili au tatu juu ya muziki ukilinganisha na ya ukumbini. Nje kuna upepo, pikipiki, jenereta, na watu wanaozungumza. Minong'ono mliyoipenda chumbani kwa hedifoni haitafika safu ya tano.

Picha. Uwanja wa wazi una taa za mtaa na mwanga wa mji, kwa hiyo nyeusi ya projekta inakuwa kijivu. Matukio ya usiku yanapotea yote. Tengenezeni toleo la nje: inueni mwanga wa kati, nyeusi ziacheni zilivyo. Mkiinua nyeusi mnapata ukungu. Jaribio rahisi: projekta yoyote, ukuta mweupe, nje, magharibi ikiingia, mkae mita kumi. Pale msipotambua nani anaongea, rekebisheni pale tu.

Manukuu. Mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, nyeupe yenye ukingo mweusi. Yapandisheni juu kidogo kuliko kawaida kama kuna onyesho pengine kwenye uwanja tambarare, vichwa vya watu huziba chini ya pazia. Ngome ina ngazi, hapo si tatizo sana. Kidigo kiwekeeni manukuu ya Kiswahili pia, sio Kiingereza pekee. Mnawaonyesha Waswahili.

---

nairobi_kionjo

Nitajibu la tatu, wengine wameshamaliza mengine.

Wateuzi na wanunuzi hawaji kwa bango. Wanakuja kwa sababu mtu aliwaandikia wiki tatu kabla, akawakumbusha siku mbili kabla, na akawaona mlangoni siku yenyewe. Hii ni kazi ya orodha. Fungueni jedwali: jina, anakotoka, anachotafuta, tumemwandikia lini, amejibu nini. Majina thelathini yanatosha, na mengi yako wazi: wageni na majaji hutangazwa na tamasha lenyewe, na kila tamasha lina ukurasa wa watu wake. Ombeni ofisi ya wageni orodha ya waliojisajili. Wasipotoa, angalau watawaambia nani amefika.

Barua isizidi maneno 90. Kichwa cha barua kibebe kila kitu: jina la filamu, dakika 78, Tanzania, siku na saa Ngome Kongwe. Ndani: kisa kwa sentensi mbili, kwa nini yeye (si "Mpendwa Mheshimiwa"), linki ya kionjo (trela), linki ya filamu yenye paswedi. Msiambatanishe faili. Picha tatu za MB 8 kila moja zitaziba sanduku lake na atawachukia kabla hajawasoma.

Linki ya filamu iwe moja maisha yake yote. Mkirekebisha kosa, badilisheni video ndani ya linki ileile. Wengi hubadilisha paswedi kila mwezi wakidhani ni usalama. Mteuzi anafungua miezi miwili baadaye, anakuta mlango umefungwa, anaenda filamu nyingine. Hatawaandikia kuomba.

Mkoba wa habari uwe tayari wiki nne kabla, folda moja mtandaoni:

– kisa cha maneno 25, cha 50 na cha 150, Kiswahili na Kiingereza. Vitatu, kwa sababu kitabu cha ratiba, gazeti na tovuti kila kimoja kina nafasi yake, na usipowapa watakata wenyewe mahali pabaya;
– picha tano hadi nane za filamu, za kulala, kubwa za kuchapwa, na majina ya waliomo kuanzia kushoto. Picha za kazini, kamera na boom, moja inatosha. Magazeti hayazitaki;
– picha ya mwongozaji, uso unaonekana, bila miwani ya jua;
– orodha ya washiriki yenye tahajia ileile iliyoko kwenye filamu;
– kionjo cha sekunde 60 hadi 90, kimoja chenye manukuu na kimoja bila.

Kuhusu kionjo: angalieni muziki. Ruhusa ya wimbo kwa ajili ya matamasha haimaanishi ruhusa ya kuuweka YouTube. Ni matumizi mawili tofauti na yaandikwe yote mawili kwenye mkataba. La sivyo kionjo kinazimwa sauti siku tatu kabla ya onyesho, na hapo hakuna wa kumpigia simu.

Nembo ya "imechaguliwa" tumieni faili mlilopewa na tamasha, na msitangaze kabla hawajatangaza wao. Bango lenye nembo kumi na mbili za matamasha ambayo hakuna anayeyajua linaonekana dhaifu kuliko lenye moja.

Na moja la kufikiria mapema. Mkishaonyesha Zanzibar, onyesho la kwanza la dunia mmeshalitumia. Matamasha makubwa ya Ulaya kama Berlin na Rotterdam yanaangalia sana hilo katika sehemu zao za mashindano. Kama bado mna ombi huko, wasilianeni nao sasa. FESPACO, tamasha la Ouagadougou, ni ya kila miaka miwili, miaka ya witiri, hivyo hesabuni kalenda. Durban wana soko lao la miradi kando ya tamasha, na pale filamu hii inawasaidia kama ushahidi wa kuombea ijayo.

---

kiduchu_bara

Mimi napingana kidogo na bi_shangani kuhusu Instagram, ingawa hakusema lolote. Nasema kabla hajasema.

Kulipia kuna faida ukijua unalipia nini. Kosa ni kubonyeza kile kitufe cha kukuza chapisho na kuacha kila kitu kama kilivyo. Kinachagua Tanzania nzima, unapata moyo mwekundu elfu mbili kutoka Mwanza na Mbeya, na kiti kimoja hakijakaliwa. Tengenezeni tangazo lenye duara: weka alama mjini Unguja, kilomita 15 hadi 20, umri 20 hadi 45. Lianze siku nne kabla, liishe saa kumi na mbili jioni ya siku ya onyesho. Laki moja na nusu inatosha kabisa kwa kisiwa. Lengo lichague "ujumbe" ili lifungue WhatsApp, si "kutembelea wasifu".

Video iwe ya wima, sekunde 20 hadi 30, maandishi yamechomwa ndani kwa sababu watu wanaangalia bila sauti. Sekunde mbili za kwanza awepo mtu anayesema au anayefanya jambo. Nembo ya kampuni yenu ikizunguka sekunde tano watu wameshapita.

Video hiyohiyo ipunguzeni iwe chini ya MB 16 muitumie WhatsApp. Hapa watu hukosea: orodha ya utangazaji ya WhatsApp inapokea watu 256, na inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Ukituma kwa wageni 256 uliowaokota kwenye magrupu, utaona tiki moja tu na kudhani intaneti ni mbovu. Kwa hiyo kazi ni kumwambia mtu "hifadhi namba yangu kwa jina la filamu". Wale wasanii wenu wa Tanga na ndugu zao wote wenye jamaa Unguja, waanze na hao.

---

bi_shangani

@kiduchu_bara sikupinga. Laki moja na nusu sawa, laki sita hapana.

---

mtayarishaji_tanga

Nashukuru sana wakuu na dada bi_shangani. Nimeiandikia ofisi ya ratiba leo asubuhi kuomba saa mbili.

@fundi_projekta tumeangalia: filamu ni fremu 25, sauti 5.1 tu, stereo hatuna. Manukuu yako faili la SRT pembeni. Tamasha wamejibu wanataka fremu 24 kwenye DCP. Tubadilishe tu kwenye programu?

Pia: waandishi wa Dar tuwalete Zanzibar? Na maswali baada ya filamu tujiandae vipi? Tumepewa dakika 15.

---

fundi_projekta

Mkibadilisha kwa kupunguza mwendo, kutoka 25 kwenda 24, filamu inarefuka kwa asilimia 4 na kidogo. Dakika 78 zinakuwa dakika 81 na sekunde 15. Macho hayaoni, ila sauti inashuka nusu toni hivi, waimbaji watagundua. Tumieni njia inayorudisha kimo cha sauti. Waambieni ratiba urefu mpya, dakika tatu ni nyingi kwao.

Manukuu ndiyo mtego. SRT iliyopimwa kwa 25 ikipandishwa juu ya filamu ya 24, mwanzoni inaonekana sawa. Dakika ya kumi iko mbele kwa sekunde 25. Mwisho wa filamu iko mbele dakika tatu na robo, mtu anakufa kwenye maandishi huku kwenye pazia bado anakunywa chai. Na mnaweza msilione hili kwenye majaribio kwa sababu majaribio huangalia dakika mbili za mwanzo. Mkipewa dakika kumi za majaribio, tumieni dakika mbili za mwanzo, mbili za katikati, mbili za mwisho. Subtitle Edit ni ya bure na ina sehemu ya kubadilisha kasi ya fremu: kutoka 25 kwenda 24, hifadhi kwa jina jipya, la zamani lifuteni kwenye diski zote. Halafu toleo la kupeleka chomeni manukuu ndani ya picha kabisa. Faili la pembeni linasahaulika kwenye laptopu ya mtu.

Stereo: msikubali programu iwashushie yenyewe bila kusikiliza. Mrudieni aliyewafanyia miksi. Kama hayupo, chukueni katikati iende kushoto na kulia sawasawa, za nyuma zipunguzwe, kisha sikilizeni filamu nzima kwa spika ndogo ya simu. Neno lisilosikika kwenye simu halitasikika Ngome.

---

nairobi_kionjo

Waandishi wa Dar: msiwalete kwa pesa yenu. Boti ni kama saa mbili, na onyesho la usiku likiisha boti ya kurudi hakuna, kwa hiyo kila mwandishi ni nauli, chumba na chakula cha siku mbili. Waandikieni badala yake habari iliyo tayari kuchapwa: maneno 200, Kiswahili, aya ya kwanza ina nani, nini, wapi, lini, picha mbili, nukuu moja ya mwongozaji isiyo ya majivuno. Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, na Zanzibar Leo kwa huko. Siku kumi kabla, kisha ukumbusho siku tatu kabla. Mtumieni mwandishi mwenyewe anayeandika sanaa, si sanduku la jumla la chumba cha habari. Habari za Tanga pia zisisahaulike: kwa mwandishi wa mkoa, "filamu ya Tanga yaenda Zanzibar" ni habari; kwa wa Dar ni filamu moja kati ya nyingi.

Maswali baada ya filamu: dakika 15 zinaishia kumi, kwa sababu mbili za mwanzo watu wanainuka na tatu za mwisho mtangazaji anaaga. Pangeni swali la kwanza na mtu mnayemfahamu, lihusu filamu, si "mlipata wapi wazo". Kimya cha baada ya "kuna maswali?" kinaua ukumbi. Jibu lisizidi nusu dakika. Wa Kiswahili ajibiwe Kiswahili, mmoja wenu afasiri kwa ufupi kwa wageni. Mkijibu Kiingereza tu mbele ya watu wa Ng'ambo mmewapoteza. Mwishoni mseme jambo moja tu la vitendo: tuko pale mlangoni, tuna kadi. Mmoja wenu asipande jukwaani kabisa, akae mlangoni na daftari na kalamu. Msimbo wa QR wekeni, lakini watu mia wakivuta intaneti pamoja unazunguka tu.

Barua ya shukrani kwa kila aliyeacha jina iende ndani ya saa 48. Baada ya wiki hawakumbuki sura yenu.

Na akija mnunuzi: awe na karatasi moja mkononi yenye jina, dakika, lugha, matoleo yaliyopo, na haki gani ziko wazi, nchi kwa nchi. Televisheni, mtandaoni, ndege, elimu ni haki nne na kila moja ina bei yake. Mkataba unaosema "dunia nzima, njia zote, daima" kwa pesa ya mkupuo mmoja msisaini hapohapo hata kama kalamu ni ya dhahabu. Ombeni miaka miwili au mitatu, eneo lililotajwa. Wakala anayedai mlipe kwanza ili awauzie, mpeni kadi ya A6 na mumtakie usiku mwema. Muwe na nakala za mikataba ya waigizaji, muziki na maeneo. Mnunuzi wa kweli ataziomba ndani ya wiki, na filamu nyingi zinakwama hapo kwa sababu ya mwigizaji mmoja aliyekubaliana kwa mdomo.

---

bi_shangani

Nyongeza ndogo. Kabla ya kuja waulizeni tamasha kama kibali cha BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, wanashughulikia wao au nyinyi. Cha Bodi ya Filamu ya bara ni cha bara.

Miezi hiyo kusi inavuma. Jioni Ngome ina upepo, maikrofoni ya maswali bila sponji haifai kitu, njooni na sponji yenu, ni kitu kidogo. Ngazi za kukalia ni mawe na dakika 81 ni nyingi kwa mgongo wa mtu mzima. Kwenye kadi, chini kabisa, andikeni: "Njoo na kanga au mto wa kukalia." Watu watacheka, na wataisoma kadi hadi mwisho.

---

mtayarishaji_tanga

Ratiba wamejibu: saa mbili haiwezekani, lakini wametupa filamu fupi ya dakika 22 mbele yetu. Kadi tunachapa kesho. Bado tuandike saa moja na nusu?

---

bi_shangani

Andikeni saa moja na nusu, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kitabu cha ratiba, na mgeni akikuta tofauti atadhani ni filamu mbili. Chini yake mstari wa pili: "Filamu yetu inaanza saa mbili kasoro dakika nane." Na muulizeni mwenye ile fupi kama atagawa kadi zenu na nyinyi zake. Nusu ya watu wake ni wenu tayari.